Mama anasikia sauti lakini hayashiki maneno: ni nini kinachobadilika kwenye neva ya usikivu?

Mdadisi wa Fonimu:

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, na mapenzi yangu makubwa yako kwenye fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha. Nimekuja na swali linalonisumbua tangu mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, alipoanza kupoteza usikivu. Audiogramu yake, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, inaonyesha kwamba katika masafa ya chini, yaani sauti nzito za hezi 250 na 500, kizingiti chake, yaani sauti hafifu kabisa anayoweza kuisikia, hakijapita desibeli 25, lakini mstari unaporomoka kadiri masafa yanavyopanda, hadi kufikia desibeli 60 kwenye hezi 4,000. Nikimwambia “saba” anasikia “shaba”. Nikitamka “thamani” ananijibu habari za “samani”. Irabu hazimsumbui sana. Nikipaza sauti hukunja uso na kuniambia, “Usinipigie kelele mwanangu, nakusikia, sema vizuri.”

Siku zote nilidhani kupoteza usikivu ni sawa na redio iliyopunguzwa sauti, kwamba ukiiongeza mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Jibu la mama limenivunjia dhana hiyo. Vitabu vyetu vya fonetiki vinaeleza kwa kina jinsi sauti inavyotoka mapafuni, ikapita kooni na kinywani, ikasafiri hewani hadi kwenye kiwambo cha sikio. Baada ya hapo vinaruka moja kwa moja hadi kwenye fonimu, yaani sauti inayotofautisha maneno, iliyo akilini, kana kwamba katikati hapana kitu. Ninachotaka kuelewa ni hicho cha katikati. Sauti ya “s” au ya “e” inaandikwaje ndani ya neva, na maandishi hayo yanaharibikaje usikivu unapopungua?

Fundi wa Usikivu:

Ndugu Mdadisi, pole kwa mama, na ahsante kwa swali. Ninapima usikivu kwa kazi yangu ya kila siku, na maneno ya mama yako nayasikia karibu kila wiki kutoka kwa watu wasiojuana kabisa. Mfano wako wa redio una ukweli nusu. Nianze na nusu hiyo.

Nguvu ya usemi imejaa zaidi katika masafa ya chini, lakini uwazi wa maneno unabebwa zaidi na masafa ya juu. Irabu zina sauti kubwa, na formanti yao ya kwanza, yaani kilele cha kwanza cha nguvu katika masafa yao, iko chini ya hezi 1,000, mahali ambapo mama yako bado anasikia vizuri. Konsonanti “s” ni mvumo hafifu ambao sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, ilhali “sh” huanzia chini zaidi. Mtu akipoteza sehemu ya juu, kinachobaki cha “s” ni mkia wake wa chini, nao mkia huo unafanana na “sh” au “f”. Kwa hiyo anapotaja “shaba” hajazembea kusikiliza. Ametafsiri kwa usahihi ushahidi pungufu aliopewa.

Nusu ya pili ndiyo nzito, na ndiyo inayofanya kuongeza sauti kusitoshe. Koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani ya sikio, ni mrija uliojikunja kama konokono, wenye urefu wa takriban milimita 35 ukinyooshwa. Ndani yake umepita utando ambao kila sehemu yake hutetemeka zaidi kwa masafa fulani: masafa ya juu karibu na mlango, ya chini kwenye ncha ya ndani. Georg von Békésy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha wimbi linavyosafiri juu ya utando huo. Hata hivyo alichunguza masikio ya maiti, na wimbi aliloliona lilikuwa pana, lisiloweza kueleza jinsi mtu hai anavyotenganisha sauti zilizokaribiana. Kilichokosekana katika masikio yale ni uhai wa seli za vinyweleo za nje, aina mojawapo ya seli zenye vinyweleo vidogo zilizo juu ya utando huo.

Sikio moja la binadamu lina seli za vinyweleo za ndani zipatazo 3,500 na za nje zipatazo 12,000. Ungedhani zilizo nyingi ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo, lakini sivyo. Neva ya usikivu ina nyuzi zinazokaribia 30,000, na takriban asilimia 95 kati ya hizo zinaanzia kwenye seli za ndani. Seli za nje zina kazi nyingine: hurefuka na kufupika kwa kasi kubwa mno, kwa msaada wa protini iitwayo prestini iliyotambuliwa mwaka 2000, na kwa kufanya hivyo huusukuma utando utetemeke zaidi mahali panapostahili. Hupandisha sauti hafifu kwa desibeli 40 hadi 60 na wakati huohuo huubana mtetemo usitapakae. Hizi ndizo seli zinazokufa mapema kwa kelele, uzee na baadhi ya dawa.

Zikifa, mtu hupoteza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni nguvu, nayo audiogramu huionyesha. La pili ni ukali wa kuchagua, na hilo audiogramu hailionyeshi. Uzi mmoja wa neva ulio mzima huitikia eneo jembamba la masafa, ukiwa na hisia kali katika masafa yake mahususi na hisia butu kwa yaliyo mbali. Seli za nje zikiharibika, ile ncha kali hupotea, na uzi huanza kuitikia karibu kila kinachopita, hasa sauti nzito za masafa ya chini.

Sasa chukua irabu “e” yako. Mwaka 1979 Murray Sachs na Eric Young waliwasikilizisha paka irabu ya namna hiyo huku wakirekodi nyuzi za neva mmoja baada ya mwingine. Katika sikio zima, nyuzi zilizo karibu na formanti ya kwanza zilifyatua mipigo ya umeme kwa kufuata mapigo ya formanti hiyo, na nyuzi zilizo karibu na formanti ya pili zikaifuata ya pili. Ukizipanga kwa mstari, unaisoma irabu. Mwaka 1997 Miller na wenzake, Young akiwa mmoja wao, walirudia kazi hiyo kwa paka walioharibiwa masikio kwa kelele. Safari hii nyuzi zilizopaswa kuishika formanti ya pili ziliiachia, zikawa zinafuata mchanganyiko wa sauti nyingine, nguvu kubwa ikiwa ni ya formanti ya kwanza. Ujumbe wa formanti ya kwanza ulitapakaa katika maeneo yasiyokuwa yake. Kuongeza sauti kunaongeza na mtapakao huo, kwa sababu kinachotapakaa nacho kinapata nguvu.

Kuhusu mama kukunja uso: zile seli za nje hupandisha sauti hafifu na kuziacha kubwa zilivyo. Zisipokuwepo, nafasi kati ya “sisikii” na “inaumiza” hubanwa, kwa hiyo ukipaza kidogo tu anaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mdadisi wa Fonimu:

Nashukuru sana, Fundi. Nimesoma jibu lako mara tatu. Ila kuna jambo halijaniingia: ikiwa formanti ya pili ndiyo inayopotea ndani ya neva, mbona mama anazipata irabu vizuri kuliko konsonanti? Formanti ya pili ndiyo inayotofautisha “i” na “u”.

Fundi wa Usikivu:

Umegusa penyewe. Nadhani lugha yenyewe inamsaidia. Kiswahili kina irabu tano tu, na zimekaa mbalimbali, kwa hiyo hata picha iliyofifia inatosha kuzitenganisha. “I” na “u” zinafanana sana katika formanti ya kwanza, na kwa mtu ambaye upotevu wake umeshuka hadi kwenye hezi 1,000 na chini yake, hizo ndizo huanza kuchanganyika. Mama yako hajafika huko.

Tena irabu hudumu. Neva inapata muda wa kukusanya ushahidi. Linganisha na “pata”, “tata” na “kata”: kinachozitofautisha ni mlipuko mfupi wa kuachia hewa na jinsi formanti ya pili inavyopinda kuelekea kwenye irabu, mambo yanayoisha ndani ya makumi machache ya milisekunde. Hapo neva haina nafasi ya pili.

Msomaji wa Mipigo:

Naomba niingie hapa, kwa kuwa ninafanya utafiti kuhusu neva ya usikivu. Maelezo ya Fundi ni sahihi, lakini yanaweza kumfanya msomaji aamini kwamba kila kitu kinaanzia kwenye seli za nje na kwamba audiogramu ikiwa nzuri basi neva ni salama. Hilo si kweli, na kwa maoni yangu ndilo jambo lililobadilisha zaidi taaluma hii katika miongo miwili iliyopita.

Tangu mwaka 1955, Schuknecht na Woellner walionyesha kwamba paka waliokatwa sehemu kubwa ya neva ya usikivu waliendelea kusikia milio hafifu karibu kama kawaida. Ili kugundua kwamba mlio upo, nyuzi chache zinatosha. Kuuelewa usemi ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya katika kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Vizingiti vyao vilipanda, kisha vikarudi vilikokuwa, na seli za vinyweleo zote zilibaki hai. Ungesema wamepona. Lakini watafiti hao walipohesabu sinapsi, yaani viungo kati ya seli za ndani na nyuzi za neva, walikuta kwamba katika baadhi ya maeneo ya koklea karibu nusu yake zimetoweka, na nyuzi zilizopoteza viungo hivyo zikafa polepole katika miezi iliyofuata. Mwaka 2011 Schaette na McAlpine waliita hali ya namna hii upotevu wa usikivu uliojificha.

Nyuzi zinazodhaniwa kuathirika zaidi katika hali hiyo ni zile zisizofyatua mipigo mingi wakati wa ukimya. Hizi hazihitajiki kwa sauti hafifu. Umuhimu wake ni katika sauti kubwa, pale nyuzi nyingine zinapokuwa zimejaa na haziwezi tena kuongeza mipigo. Ni rahisi kuona madhara yake: katika chumba kimya mtu anaelewa kila neno, lakini watu watano wakizungumza kwa pamoja anapotea. Kwa binadamu aliye hai mjadala bado ni mkali kuhusu kipimo gani kinaweza kuuonyesha upotevu huu, kwa kuwa hatuwezi kuhesabu sinapsi bila kulifungua sikio. Uchunguzi wa masikio ya watu waliofariki unaonyesha wazi kwamba nyuzi hupungua kadiri umri unavyosonga, hata pale seli za vinyweleo zilipobaki.

Kuna upande mwingine ambao Fundi aliugusa kwa mbali, nao ni wakati. Neva haihesabu mipigo tu. Pia huipanga iende sambamba na mawimbi ya sauti. Kwa paka uwezo huo hufifia mawimbi yanapopita hezi 4,000 au 5,000 hivi. Kila sauti ya usemi unaweza kuitazama kwa namna mbili: umbo la nje, yaani kupanda na kushuka polepole kwa nguvu yake silabi baada ya silabi, na mtetemo wa ndani, yaani mawimbi ya haraka yaliyojaa ndani ya umbo hilo. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake waliufuta mtetemo wa ndani, wakabakiza umbo la nje katika mikanda minne tu ya masafa, na wasikilizaji wenye masikio mazima bado walielewa sentensi vizuri mno mahali pakimya. Mwaka 2006 Christian Lorenzi na wenzake walifanya kinyume chake: walibakiza mtetemo wa ndani, na watu waliopoteza usikivu kwa kiasi cha kati wakashindwa kuutumia, ingawa umbo la nje walilitumia karibu sawa na wenzao.

Jambo linaloshangaza ni kwamba umbo la nje halipungui ndani ya neva iliyoharibika. Mwaka 2010 Kale na Heinz walirekodi neva za chinchila, wanyama wadogo ambao usikivu wao unakaribiana na wetu, wakakuta kwamba baada ya madhara ya kelele umbo la nje linaandikwa kwa nguvu zaidi kuliko katika neva nzima. Ukiliwaza, linafuata yale ya Fundi: asiyekuwa na seli za nje za kuzibana sauti kubwa huziona tofauti za nguvu zikiwa zimetiwa chumvi. Kwa mtu anayejaribu kumfuata msemaji mmoja kati ya wengi, hiyo si faida. Kila kelele inayopanda na kushuka kando yake nayo imetiwa chumvi vilevile, na ule mtetemo wa ndani ambao ungemsaidia kuitenga sauti ya msemaji wake umechafuka.

Ndiyo maana nasita sana ninaposikia neno “udhaifu” likitumiwa kwa kila kitu kinachohusu usikivu. Baadhi ya ishara zimedhoofika, baadhi zimezidi, na baadhi zimehama mahali pake. Ubongo unapokea maandishi yaliyoandikwa kwa kanuni tofauti na zile ulizojifunza utotoni.

Mvaa Kifaa:

Nimewafuata kwa makini kwa sababu mnanieleza mimi. Nilipoteza usikivu nikiwa kijana, baada ya matibabu ya sindano kwa ugonjwa ambao kwa kweli ungeniua. Hospitali niliyotibiwa siilaumu, ingawa ningependa mtu angeniambia mapema kwamba dawa zile huua seli za nje, tena zikianzia na zile za masafa ya juu. Nilipona, ila ndege wakanyamaza.

Nilipovaa visaidizi vya kusikia kwa mara ya kwanza, “s” ilirudi, lakini haikuwa “s” niliyoikumbuka. Ilikuwa kama karatasi inayochanwa karibu na shavu. Nilikaribia kuvirudisha. Baada ya miezi kadhaa ya kuvivaa kutwa nzima, sauti ileile ya kuchana ikaanza kuwa konsonanti, na leo siisikii tena kama karatasi. Sidhani kama kifaa kilibadilika.

Dada au kaka Mdadisi, jambo moja ambalo audiogramu ya mama haitakuonyesha ni uchovu. Kila neno ninalolipata, nusu yake nimelisikia na nusu nimelijenga kwa kukisia, na kazi hiyo haikomi tangu asubuhi. Ikifika jioni nanyamaza. Watu wangu walidhani nimekasirika. Asipokuelewa, usirudie sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi, ibadilishe. Neno jingine lina konsonanti nyingine, na huenda hizo ziko ndani ya eneo analolisikia.

Msomaji wa Mipigo:

Pole sana, Mvaa Kifaa, na ahsante kwa kueleza kwa uwazi namna hii. Hilo la karatasi kugeuka konsonanti linafanana na tunachokiona katika ubongo. Habari kutoka kwenye neva zikipungua, vituo vya juu yake, kuanzia shina la ubongo hadi gamba lake, huongeza unyeti wao ili kufidia. Wengi wetu tunaamini kwamba mivumo ya masikioni wanayoisikia watu waliopoteza usikivu inatokana kwa sehemu na marekebisho hayo. Ubongo unaweza kurudisha ukubwa wa ishara. Hauwezi kurudisha usahihi ambao neva haikuuleta. Kilichotokea kwako, kwa jinsi ninavyokuelewa, ni kwamba umejifunza upya alama zipi zinamaanisha “s”.

Mwalimu wa Watoto Viziwi:

Naongeza neno kuhusu watoto, kwa sababu mazungumzo yote yamewahusu watu waliokwisha kuwa na lugha. Mama wa Mdadisi anakisia kwa kutumia msamiati wa miaka 68. Mtoto aliyezaliwa haisikii “s” hana cha kukisia nacho; ujumbe uliovurugika ndio pekee aliowahi kuupata. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, athibitishwe kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Kipandikizi cha koklea, kinachoziruka seli za vinyweleo na kuipa neva umeme moja kwa moja, kina elektrodi kati ya 12 na 22 tu mahali pa maelfu ya seli, na bado mtoto aliyekipata mapema anaweza kujifunza kusema vizuri nacho, kwa sababu ubongo wake unakua pamoja na kanuni hiyo. Wakati familia inasubiri, nawasihi wazazi wampe mtoto lugha ya alama. Ubongo mchanga unaihitaji lugha, na mikono inaweza kuileta bila kungoja sikio.

Fundi wa Usikivu:

Mdadisi, naomba ufanye jaribio dogo na mama, akiridhia. Andika jozi za maneno: “saba” na “shaba”, “thamani” na “samani”, “pata” na “kata”, “pata” na “bata”. Mtamkie kwa sauti ya kawaida, bila mpangilio, kwanza akiwa amekutazama usoni, kisha akiwa amekupa mgongo. Mwombe atamke alichokisikia, nawe uandike. Halipimi neva, lakini utaona mwenyewe ni alama zipi bado zinafika.

Mdadisi wa Fonimu:

Nimerudi. Tumelifanya jana na leo, na mama alilipenda kuliko nilivyotarajia. Ndiye aliyesema turudie.

Akiwa amenipa mgongo, “saba” na “shaba” alizichanganya karibu nusu ya mara, na “thamani” na “samani” vilevile. “Pata” na “kata” zilimsumbua pia. Lakini “pata” na “bata” hakukosea hata mara moja. Akiwa amenitazama, “thamani” ilimkaa vizuri, kwa kuwa aliuona ulimi kati ya meno, na “pata” akaitenganisha na “kata” kwa midomo kufumba. “Saba” na “shaba” ziliendelea kumshinda mara kwa mara.

Nililolitambua ni kwamba “p” na “b” zinafanana kabisa midomoni, kwa hiyo macho hayakumsaidia chochote katika jozi ile. Alizitenganisha kwa sikio, kwa mvumo wa kooni ulio katika masafa ya chini ambako nyuzi zake bado zinaufuata. Mahali pa kutamkia, ambapo sikio lake limepoteza, ndipo macho yanapopaona. Nimehamisha kiti chake kutoka dirishani, ambako mwanga ulikuwa nyuma ya kila anayezungumza naye, nikakiweka upande wa pili. Wiki ijayo anakwenda kupimwa uelewa wa usemi ndani ya kelele, na nimeichukua orodha ya jozi zetu ili mpimaji aione.